Mgeni Mlangoni: Kumpima ni Haki, Kumbagua ni Dhuluma

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Waswahili hao hao husema kwamba mgeni ni kuku mweupe, yaani hafichiki, na kila jicho la mtaa humfuata. Methali ya kwanza inafungua mlango. Ya pili inamkodolea macho anayeingia. Baina ya methali hizi mbili ndipo ulipo mjadala wa makala haya: mtu anayempangisha mgeni asiyemjua chumba au nyumba yake kwa siku chache ana haki gani ya kumchunguza kabla ya kumkabidhi ufunguo, na haki hiyo inakomea wapi?

Suala hili si la nadharia tupu. Mwaka 2007, vijana wawili waliokuwa wamepanga nyumba jijini San Francisco, Marekani, walilemewa na kodi. Mkutano wa wabunifu ulipozijaza hoteli za jiji hilo, walitandika magodoro ya kujazwa hewa sakafuni mwao na kuwalaza wageni watatu kwa malipo. Mwaka uliofuata, wakiwa pamoja na mwenzao wa tatu, walianzisha kampuni inayojulikana leo kama Airbnb. Nchini Kenya, jina hilo limekwisha kuvuka mipaka ya kampuni na kuwa nomino ya kawaida. Mtu husema "Airbnb hii" au "Airbnb hizi", akiitia katika ngeli ya I-ZI, bila kujali kama nyumba anayoizungumzia imetangazwa na kampuni hiyo, imetangazwa kwingineko katika intaneti, au imepatikana kwa kumpigia simu mlinzi wa lango. Kuanzia Kilimani hadi Nyali, kuanzia Diani hadi Naivasha, watu wasiojuana hukabidhiana funguo kila siku. Si ajabu msomaji wa jarida hili kuwa leo mgeni na kesho mwenyeji.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaliweka tatizo hili bayana. Mgeni ni yule anayekirimiwa, na mgeni ni yule asiyejulikana. Neno ni lile lile. Vivyo hivyo, mwenyeji ni anayepokea wageni na pia ni mkazi wa mahali, na ndani ya neno hilo sikio husikia "mwenye" na "mji". Anayesema "mlangoni pana mgeni" hajatenganisha heshima na wasiwasi. Vyote viwili vimo katika pumzi moja. Biashara ya kupangisha nyumba kwa siku chache imeongeza neno la tatu, nalo ni mteja. Mgeni wa kale hakulipa ila kwa adabu na, ikifika siku ya tatu, kwa jembe. Mgeni wa leo hulipa kabla hajavua viatu. Mwenyeji wa leo basi humtazama mtu mmoja kwa macho matatu: kama wa kumkirimu, kama wa kumwogopa, na kama wa kumtoza pesa. Ni lazima macho haya yagongane.

Mwenyeji Huuliza Nini?

Ni muhimu kwanza kueleza jinsi uchujaji unavyofanyika. Katika Airbnb, mwenyeji husoma wasifu wa anayeomba nafasi, huangalia kama utambulisho wake umethibitishwa, kisha husoma tathmini zilizoandikwa na wenyeji waliompokea awali. Humwuliza anakuja kwa shughuli gani, ataandamana na nani na atafika saa ngapi. Tangu mwaka 2014, tathmini za pande zote mbili hufichwa hadi kila upande uwe umeandika yake au siku 14 ziwe zimepita, ili pasiwe na anayeandika kwa nia ya kulipiza kisasi. Wapo pia wenyeji wanaomruhusu mgeni kujiwekea nafasi moja kwa moja, bila kusubiri kibali, mradi awe ametimiza masharti yaliyowekwa tangu awali.

Nje ya mifumo ya kampuni, uchujaji huwa wa mkono. Jijini Nairobi, picha ya kitambulisho hutumwa kwa WhatsApp, malipo ya M-Pesa huja na jina la mlipaji, bawabu huandika nambari ya gari katika daftari la langoni, na mwenye nyumba humpigia mgeni simu ili walau aisikie sauti yake. Hakuna tathmini, hakuna muhtasari wa safari zilizopita. Lipo jina, ipo picha, na ipo lafudhi.

Ukizichunguza hatua hizi zote, utaona kwamba kila moja inajibu mojawapo ya maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: mtu huyu amewahi kutenda nini katika nyumba za watu, na jambo likiharibika atawajibika vipi? Swali la pili ni hili: mtu huyu ni wa kabila gani, wa rangi gani, wa dini gani, wa umri gani, ameoa au hajaoa? Dai la makala haya ni kwamba swali la kwanza ni haki ya mwenyeji, tena ni wajibu wake. Swali la pili ni ubaguzi, hata likiulizwa kwa sauti ya upole na kufuatwa na neno "samahani".

Hofu ya Mwenyeji Ina Msingi

Itakuwa ni kumwonea mwenyeji kusema kwamba hofu yake ni ya kubuni. Mwaka 2011, mwanamke mmoja wa San Francisco alirudi nyumbani kwake akakuta mgeni aliyempangishia kupitia Airbnb ameivuruga nyumba nzima na kuiba mali yake. Kisa hicho kilizua kelele kubwa, na Agosti mwaka huo huo kampuni ikaanzisha dhamana ya hadi dola 50,000 kwa wenyeji watakaoharibiwa mali. Mwaka 2012 dhamana hiyo ikapandishwa hadi dola milioni moja. Tarehe 31 Oktoba 2019, watu watano walipigwa risasi na kufa katika karamu iliyofanyika kwenye nyumba ya kukodi mjini Orinda, California. Kampuni ilitangaza kupiga marufuku nyumba za karamu, Agosti 2020 ikazuia karamu duniani kote, na Juni 2022 ikaufanya mwiko huo kuwa wa kudumu.

Kenya nayo imeonja uchungu huo. Mnamo Januari 2024, wanawake wawili waliuawa, katika visa viwili tofauti, ndani ya nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi. Tarehe 27 mwezi huo, maelfu ya Wakenya waliandamana katika miji mbalimbali kulaani mauaji ya wanawake, na serikali ikawataka wenye nyumba za aina hiyo wajisajili na mamlaka inayodhibiti utalii.

Visa hivi vya Nairobi vina funzo ambalo halijazingatiwa inavyostahiki. Uchujaji wa kawaida hubuniwa ili kulinda makochi, runinga na kuta. Humwangalia anayelipa, basi. Hauwaangalii wanaoingia pamoja naye au baada yake, wala haujiulizi kama aliyeletwa ndani atatoka salama. Mwenyeji anayejua jina la kila mtu aliyelala nyumbani mwake, na saa aliyoingia, hajilindi mwenyewe tu. Anamlinda pia mgeni wa mgeni wake. Kwa mantiki hii, kuuliza "mtakuwa wangapi, na ni akina nani?" si umbeya. Ni wajibu, maadamu kila mgeni anaulizwa vivyo hivyo.

Jina Linapogeuka Kosa

Hata hivyo, hofu yenye msingi huweza kujengewa nyumba mbovu. Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky walifanya utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Waliwatumia wenyeji wapatao 6,400 wa Airbnb katika miji mitano ya Marekani maombi ya nafasi yaliyolingana kwa kila hali, isipokuwa majina ya waombaji. Baadhi ya majina yalikuwa ya aina inayotumiwa zaidi na Wamarekani Weusi, na mengine ya aina inayotumiwa zaidi na Wazungu. Maombi yenye majina ya Weusi yalikuwa na uwezekano mdogo wa kukubaliwa, kwa kiasi cha asilimia 16. Hapakuwa na chochote kilichotendwa na waombaji hao. Kosa lao lilikuwa jina.

Tanbihi mbili kutoka katika tafiti za aina hii zinastahili kukaziwa macho. Kwanza, watafiti hao walibaini kwamba ubaguzi ulikuwa mkali zaidi miongoni mwa wenyeji ambao hawakuwahi kumpokea mgeni Mweusi. Kwa maneno mengine, aliyemwogopa zaidi mgeni ni yule asiyewahi kumjua. Pili, Ruomeng Cui, Jun Li na Dennis Zhang, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, waligundua kwamba pengo baina ya majina ya Weusi na ya Wazungu lilikuwa kubwa pale ambapo mwombaji hakuwa na tathmini yoyote, lakini likatoweka pale ambapo alikuwa na tathmini moja nzuri iliyoandikwa na mwenyeji wa awali. Tathmini moja tu! Huu ni ushahidi mzito. Mwenyeji anapokosa habari za matendo, hulijaza pengo hilo kwa habari za nasaba. Akipewa habari za matendo, nasaba hupungua uzito.

Kampuni imejaribu kurekebisha mambo. Oktoba 2018 ilitangaza kwamba mwenyeji hataiona picha ya mgeni hadi awe amelikubali ombi lake. Kuanzia Januari 2022, katika jimbo la Oregon, majina ya wageni wakazi wa jimbo hilo yalionyeshwa kwa herufi za mwanzo tu hadi nafasi ithibitishwe. Desemba mwaka huo, takwimu za kampuni yenyewe kuhusu mwaka 2021 nchini Marekani zilionyesha kwamba wageni waliodhaniwa kuwa Weusi walifaulu kupata nafasi kwa asilimia 91.4, ilhali waliodhaniwa kuwa Wazungu walifaulu kwa asilimia 94.1. Pengo limebaki, ingawa kila mmoja anaitwa mteja.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Marekani, na kwamba Kenya haina Weusi na Wazungu wa kubaguana milangoni. Mwenye kusema hivyo ajiulize ni nini kinachompitia akilini asomapo majina haya katika simu yake: Otieno, Wanjiku, Mutua, Kiprono, Abdi. Nchini Kenya jina ni ramani. Kabla mwenye jina hajatamka neno, amekwisha kupewa kaunti, chama, dini na tabia. Taifa hili lilishuhudia, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ramani hiyo ikigeuzwa silaha: tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133, na wapangaji katika baadhi ya mitaa walifukuzwa kwa sababu ya majina yao. Isitoshe, jamii za Wakenya wa mipakani zilipigwa msasa wa ziada kwa miaka mingi kabla ya kupewa vitambulisho, hadi Rais alipotangaza Februari 2025 kuufuta utaratibu huo. Wazee wa taifa hili, nao, walirithi simulizi za kipande cha wakoloni, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba shingoni ndani ya kikebe. Mkenya anapotakiwa atume picha ya kitambulisho kwa mtu asiyemjua, haombwi karatasi tu. Anagusiwa kidonda.

Hebu achukuliwe, kwa mfano, msichana aliyetoka Garissa au Turkana ambaye ameitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi. Hana jamaa jijini. Hana kadi ya benki ya kimataifa, na hajawahi kulala katika nyumba ya kukodi, kwa hivyo hana tathmini hata moja. Anaandika ujumbe kwa Kiswahili sanifu, anataja siku na idadi ya watu, yaani yeye peke yake. Jibu linakuja upesi: "Samahani, nyumba imeshachukuliwa." Kesho yake tangazo la nyumba ile bado lipo, na tarehe ni zile zile. Hakutukanwa. Hakuna neno ovu alilotamkiwa ambalo anaweza kulishtakia. Lakini usiku ule atalala wapi, na asubuhi atafika mbele ya waajiri akiwa na uso gani? Hapa ndipo uzito wa mjadala huu ulipo. Ubaguzi wa mlangoni hauna kelele, na kwa sababu hauna kelele, anayeutenda hujiona mtu mwema.

Wenyeji wa Pwani ya Kale

Wapo wanaodhani kwamba shida ya kumkaribisha mtu usiyemjua kwa maslahi ya pande mbili imeletwa na intaneti. Sivyo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliikuta desturi iliyokuwa imekomaa. Meli ilipotia nanga, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na chakula katika sahani iliyofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula hicho na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, isipokuwa kama alikuwa amezoea kufika mjini na kuwajua watu wake. Huyo aliweza kushukia apendapo. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Aliyempunja mgeni, au aliyefanya naye biashara bila mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Desturi hii ina hekima ambayo wabunifu wa mifumo ya leo wangefaa kuitafakari. Usalama haukutafutwa kwa kumchuja mgeni hadi abaki mifupa. Ulitafutwa kwa kumfunga mgeni na mwenyeji katika kamba moja ya uwajibikaji mbele ya mji mzima. Mwenyeji alikuwa mdhamini. Sifa yake iliharibika iwapo mgeni wake angedhulumu au angedhulumiwa. Tena aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa matendo yake alipewa uhuru zaidi, jambo linalofanana na tathmini za leo.

Nyumba za mawe za Lamu nazo zilijengwa kwa mantiki hiyo hiyo. Mgeni hakutupwa nje wala hakuingizwa moja kwa moja ndani. Palikuwa na daka la kumpokelea na kuzungumza naye, na palikuwa na sabule, chumba cha wageni, ambamo aliweza kulala pasi na kuvuruga faragha ya familia. Imani ilipanda kwa hatua, kama ngazi. Aliyebisha hodi hakuhitaji kuaminiwa yote kwa siku moja, wala hakunyimwa yote kwa siku moja.

Si vyema hata hivyo kuipaka historia rangi ya dhahabu. Vijana wale wa mashuani walikimbilia wafanyabiashara, na mfanyabiashara alikuwa na mali. Maskini aliyefika na kanzu moja hakufuatwa na sahani yoyote. Ukarimu wa kale nao ulikuwa na macho ya kuchagua. Funzo basi si kwamba mababu hawakubagua. Funzo ni kwamba walijua njia ya kumfanya asiyejulikana ajulikane, nayo ni udhamini.

Hoja za Upande wa Pili

Hoja ya kwanza inayotolewa na wapinzani ni kwamba nyumba ni ya mwenyewe, na mtu hawezi kulazimishwa kulala na asiyemtaka. Hoja hii ina chembe ya ukweli. Hata Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964, iliyokataza ubaguzi katika mahali pa kulala wasafiri, iliziacha kando nyumba ambazo mwenyewe anaishi humo na zenye vyumba vya kukodisha visivyozidi vitano. Mwanamke anayeishi peke yake, na anayepangisha chumba kimoja kilicho ukuta kwa ukuta na chake, ana sababu ya kutaka mgeni wa kike. Asiyeuona ugumu wake hajawahi kulala akiwa na hofu.

Lakini sehemu kubwa ya nyumba zinazozungumziwa leo si za namna hiyo. Ni nyumba nzima nzima ambazo mwenyewe haishi humo, pengine anazo kadhaa, na funguo huachwa kwa bawabu au katika kisanduku cha nambari za siri. Hiyo si faragha ya nyumbani. Hiyo ni hoteli isiyo na bango. Anayetangaza kwa umma na kupokea pesa za umma hawezi kisha kujificha nyuma ya pazia la sebule. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, haiizuii serikali pekee kubagua. Inamzuia pia mtu binafsi, na miongoni mwa misingi inayotajwa ni asili ya kikabila, umri, hali ya ndoa, dini, mavazi na lugha.

Hoja ya pili ni kwamba uzoefu humfundisha mwenyeji: kundi fulani la watu, hasa vijana, limempa hasara mara mbili, kwa hivyo anajilinda dhidi ya kundi hilo. Hapa methali inafaa: "Samaki mmoja akioza, wote huoza." Methali hiyo ni kweli ndani ya tenga, ambamo samaki wamelaliana. Mtu wa leo na yule aliyevunja kioo mwaka jana hawajawahi kuwa katika tenga moja. Wanachofanana ni jina au umri tu. Anayetaka kujilinda dhidi ya kioo kuvunjwa na atoze amana ya kioo, amtoze kila mtu, na amrudishie kila asiyevunja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Inasemwa kwamba kumpima mtu kwa matendo yake kunamfungia mlango yule asiye na historia, kama msichana yule wa mfano. Ni kweli. Mfumo wa tathmini humpa aliyekwisha kuwa nacho, na humnyima anayeanza. Ndiyo maana matendo pekee hayatoshi. Ni sharti pawe na mlango wa udhamini.

Mizani ya Kupimia

Mwenyeji mwadilifu basi na afanye nini? La kwanza, aweke masharti yake wazi kabla ya mtu yeyote kuomba: idadi ya watu, saa za utulivu, amana, stakabadhi zinazohitajika. Sharti lililoandikwa kabla ya jina kuonekana haliwezi kuelekezewa jina. Likizuliwa baada ya jina kuonekana, hilo ni kisingizio.

La pili, amkubali mdhamini badala ya tathmini. Barua ya chuo, ya mwajiri, ya imamu au kasisi, au neno la mgeni wa awali aliyejulikana kwa wema, ndiyo sahani ya chakula ya leo. Vyama vya wanafunzi, pamoja na vile vya Kiswahili vinavyosafiri kila mwaka kwa makongamano, vingeweza kuwadhamini wanachama wao kwa jambo hili, na kubeba aibu iwapo mwanachama atakiuka.

La tatu, aandike tathmini ya kweli. Mwenyeji anayeficha uovu wa mgeni aliyeondoka, ili tu asigombane naye, amemwachia mwenyeji mwenzake nyoka kitandani. Anayesahau kumwandikia mgeni mwema amemnyima ufunguo wa milango mingine. Ikiwa tathmini moja inaweza kulifuta pengo la rangi huko Marekani, basi dakika tano za kuandika si jambo dogo.

La nne, akumbuke kwamba habari alizopewa ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu akusanye zile tu anazozihitaji na asizihifadhi kupita muda wa haja. Picha ya kitambulisho inayobaki katika simu ya mwenye nyumba kwa miaka mitatu, au inayosambazwa katika kundi la WhatsApp la wenye nyumba wenzake kwa maneno "mjihadhari na huyu", imekwisha kuacha kuwa ulinzi.

La tano, na ndilo mizani yenyewe, akubali kupimwa kwa kipimo anachopimia. Mgeni naye huingia katika nyumba ya mtu asiyemjua. Yeye ndiye anayelala, na aliyelala hana silaha. Je, mwenyeji amethibitisha utambulisho wake mwenyewe? Amesajili nyumba yake? Amesema kama ana kamera na ziko wapi? Airbnb ilizipiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba kuanzia mwishoni mwa Aprili 2024, na ni aibu kwamba ilihitajika sheria kwa jambo ambalo adabu ingelitosha. Swali ambalo mwenyeji asingependa kuulizwa na mgeni, yaani kabila lake, ndoa yake, ibada yake, hilo naye asiliulize.

Wapenzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Maneno wanayoyachagua watu ndiyo yanayoelekeza mikono yao. Kuchuja ni kutenga kisichotakiwa, kama machicha ya nazi yanavyotupwa baada ya tui kupatikana. Kupiga msasa ni kukwangua. Lugha inayomzungumzia mgeni kwa vitenzi hivi imekwisha kumhukumu kuwa ni machicha au kutu. Kiswahili kina vitenzi vingine: kumpima, kumjua, kumdhamini, kumkaribisha. Kinalo pia neno hodi, ambalo huenda ndilo utaratibu bora zaidi wa usalama uliowahi kubuniwa katika pwani hii. Anayebisha hodi hujitangaza mwenyewe na kusubiri. Aliye ndani naye ana haki ya kuuliza, "Nani mwenzangu?" kabla hajasema karibu. Na katika swali hilo fupi, kabla jina halijatajwa, aliye nje amekwisha kuitwa mwenzangu.